Mrenda Uliopandwa Julai

Mwezi wa Julai pale Witeithie, karibu na Thika, ulinuka nguo zisizokauka. Sweta yangu ya shule ilianikwa Ijumaa jioni, ikashinda kwenye kamba Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu asubuhi niliivaa ikiwa bado na unyevunyevu makwapani, tena inanuka moshi kwa sababu Baba alijaribu kuimalizia juu ya jiko. Jua hatukuliona kwa wiki nzima. Manyunyu yalikuwa yale yasiyomlowesha mtu lakini hayamwachi akauke. Wanaodhani Kenya yote ni joto, waje huku Julai, nami nitawaazima blanketi. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na msimu ule wa baridi naukumbuka kuliko misimu yote ya utoto wangu, kwa kuwa ndio niliokaa bila Mama.

Tulikuwa watu watatu katika chumba kimoja cha mabati: Baba, Mama na mimi, Nekesa wao wa pekee. Wazazi wangu walitoka upande wa Bungoma kutafuta maisha, na Baba alikuwa amepata kazi kiwandani Thika. Mwanzoni mwa Julai ikaja habari kwamba nyanya, mama yake Mama, amepooza upande mmoja, na Mama akafunga mzigo siku iyo hiyo. Nililia hadi nikamchosha. Ndipo akatoa kitambaa alichofungia mbegu za mrenda, ile mboga ya kuteleza ambayo watu wa magharibi hatuishi bila yake, akakiweka kiganjani mwangu. “Panda hii huko nyuma,” akaniambia, Baba akiwa amesimama mlangoni na mfuko wa Mama, akitusikia. “Ile siku utaanza kuichuma, mimi nitakuwa nimefika.” Mtu mzima angejua kwamba hayo ni maneno ya kumnyamazisha mtoto. Mimi niliyabeba jinsi yalivyo, na hesabu yangu ikawa rahisi: nikipanda mapema, atarudi mapema.

Nilipanda kesho yake. Nilifanya kama nilivyomwona Mama akifanya: nikazifunga mbegu kwenye kitambaa, nikakichovya katika maji ya moto, nikahesabu hadi kumi, nikakitoa. Kwetu magharibi hilo linatosha, kwa maana ardhi ya kule ina joto lake na mrenda hujiotea hata kando ya njia. Nyuma ya chumba chetu udongo ulikuwa baridi kama maji ya kisima, nami kwa kuzionea mbegu huruma nikazifukia chini kabisa, mkono ukaingia karibu nusu, ili zisipigwe na upepo. Kila jioni nikitoka shule nilizimwagilia kopo zima la maji, kisha nikarudi chumbani kumngoja Baba gizani, kwani taa ilikuwa haiwashwi mpaka afike. Alikuwa mtu wa maneno machache hata Mama alipokuwepo. Sasa tulikula ugali na sukuma tukisikilizana tunavyotafuna, akaniuliza kama nimefanya kazi ya shule, nikasema ndiyo, tukalala. Upweke wa namna ile sijaupata tena, na nimewahi kukaa peke yangu miaka mingi.

Wiki mbili zikapita bila hata jani moja. Nilikuwa nimepiga magoti nikichimbua ili nione kulikoni, aliponikuta Shosho, yaani bibi, kama wote tulivyomwita mama yake mwenye vyumba tulivyopanga, aliyekuwa na shamba dogo la mboga nyuma ya vyumba vyetu. Alicheka hadi akashika kiuno. “Haiya! Mrenda saa hii? Hii ni gathano, mtoto. Mchanga iko baridi, mbegu italala tu mpaka ioze.” Gathano ndilo jina ambalo Wakikuyu wanaupa msimu huo wa baridi, na Shosho alilitaja kama anayemtaja jirani mkorofi ambaye lazima uishi naye. Akagusa udongo kwa mgongo wa mkono, jinsi mama anavyompima mtoto homa, akanishika wangu nami nikagusa. “Ukisikia imekuuma, wachana na mrenda, wachana na kunde na malenge. Ngoja Septemba, Oktoba, jua irudi.” Halafu akakunja uso. “Na ni nani anamwaga maji mingi hivi?” Nikamwambia ni mimi, jioni. “Jioni! Kwani wewe ukilala na sweta mbichi si utagonjeka?”

Siku ile alinifundisha mambo ambayo hadi leo ndiyo ninayoyafuata. Wakati wa baridi panda vitu visivyoogopa baridi: spinachi, sukuma, karoti, dania, na minji, yaani njegere. Inua tuta ili maji yasituame, na ulitengeneze upande unaopata jua la asubuhi, hata kama jua lenyewe ni la kubahatisha. Mbegu usiizike kama maiti; ifunike kwa udongo wa unene wake mara mbili, basi, kisha tandaza nyasi kavu juu, uziondoe mara tu miche inapochungulia. Maji mwagia saa nne asubuhi, kidogo, yawe yamekaa kwanza kwenye ndoo yakapungua ubaridi. Na usichimbue kutazama. Hilo la mwisho alilisema mara tatu. Akanipa minji mkono mmoja, lakini nilikataa kuifukua sehemu ya mrenda, akaniachia nusu ya tuta bila kubishana.

Nikaacha kumwagilia jioni, nikawa namwagilia saa nne za Jumamosi na Jumapili tu, siku nisizoenda shule. Ajabu ni kwamba kila asubuhi upande wa mrenda ulikuwa umelowa chepechepe, hata siku zilizopita bila manyunyu, ilhali wa minji ulikuwa mkavu vizuri. Nilifikiri ni mtoto wa jirani ananichokoza. Siku moja alfajiri nikaamka kwa haja nikakuta Baba hayuko kitandani. Nilipochungulia nyuma ya nyumba nilimwona katika ukungu, amechuchumaa na nguo zake za kazini, kopo mkononi, akimwagilia mrenda polepole. Alipomaliza aliliweka kopo chini, akafukuafukua udongo kwa kidole, akatazama kwa karibu, akaurudishia. Alikuwa akifanya vilevile nilivyofanya mimi. Nilijua papo hapo kwamba naye alikuwa anahesabu siku kwa mboga ile.

Ningeweza kumwambia, “Baba, Shosho amesema maji yanaozesha.” Ni maneno machache tu, na huenda yangeziokoa mbegu. Lakini ningesema, angejua nimemwona, na nilihisi kwamba hilo lingemuumiza kuliko tuta tupu. Basi nikarudi kitandani, nikageukia ukutani, nikafumba macho. Aliingia, akachukua koti, akanifunika vizuri, akaenda kazini. Nilimwacha amwagilie kila alfajiri mwezi mzima. Mnamo Agosti nilipochimbua, mbegu zilikuwa laini, zikapondeka kidoleni, nami nikakaa chini nikalia kwa sauti nikiamini kwamba Mama sasa harudi, na kwamba mimi ndiye niliyenyamaza. Upande wa pili minji ilikuwa imetoa maua meupe, lakini sikuwa na moyo wa kuitazama.

Mama alirudi Desemba, baada ya kumzika nyanya. Nilishangaa kumwona mlangoni bila mrenda hata mmoja kuota. Alipouliza zile mbegu ziliishia wapi, Baba alijibu haraka kabla sijafungua mdomo. “Panya. Walikula zote.” Nikasema ndiyo, panya. Mama akatucheka, akasema nyumba haikai bila mwanamke, akapanda nyingine siku iyo hiyo. Jua lilikuwa limerudi. Zikaota chini ya wiki moja.

Leo naishi Ruiru, karibu na Kamakis, ghorofa ya nne, na bustani yangu ni mabeseni sita kwenye baraza. Julai napanda spinachi na dania, natandaza nyasi, namwagilia saa nne. Mimea yangu inaota. Mama alitutoka miaka mitatu iliyopita. Baba anakaa peke yake kwenye shamba lake dogo huko Gatuanyaga, ambako vumbi ni jingi na baridi haikai. Tunapigiana simu kila Jumapili na kuzungumza juu ya mboga, mimi nikimweleza zangu, yeye zake, dakika kumi, kisha tunaagana. Jumapili iliyopita alikuwa katikati ya kunieleza habari za kunde nikamkatiza, jambo ambalo si adabu kwetu. Nikasema, “Baba, nimemkumbuka Mama sana.” Nikamsikia akivuta kiti, akaketi. “Hata mimi,” akasema. “Hata sasa hivi.” Nikamwambia asikate. Hakukata, na hatukusema tena neno juu ya kunde.