Usukani wa Shangazi

Mimi natengeneza mashine, sitengenezi watu. Hivyo ndivyo ninavyowaambia wateja wangu kibandani, karibu na soko la Bunia, wanaponiletea simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji wakitaka iwe imefufuka kabla ya misa. Baba mkubwa Baudouin naye nilimwambia vivyo hivyo siku aliponipigia kusema kwamba sanduku la Delphin limefika, nije na bisibisi zangu. Alicheka akasema yeye hana haja ya kutengenezwa, anataka kuruka tu.

Delphin ni mwanawe, anaishi Ubelgiji. Sanduku lilikuja kwa lori kupitia Kampala na Aru, na vumbi la barabara lilikuwa limeingia mpaka ndani ya nailoni. Tulitoa usukani wa ndege wa kufunga mezani, pedali mbili za miguu, na kisanduku chenye manete tatu, vile vishikio vya kuongozea injini, nyeusi, ya bluu na nyekundu. Vyote vilikuwa vimetumika lakini ni vizima. Kazi yangu ilikuwa kuviunganisha na kompyuta, kisha kuifundisha kompyuta kwamba hiki kikivutwa pua ya ndege ipande, na kile kikisukumwa injini ingurume. Ukimaliza unakaa sebuleni kwako, unatazama kioo, na vilima vya Ituri vinapita chini yako.

Kwa mtu mwingine ungekuwa mchezo. Baba mkubwa aliendesha ndege ndogo ya viti sita kwa miaka ishirini na miwili. Alibeba chumvi, sabuni, chanjo, masista, na wafanyabiashara wa dhahabu wa Mongbwalu ambao hawakupenda mizigo yao ipimwe. Yeye alipima kila kitu, hata abiria wenyewe, kwa mizani ya kupimia maharagwe, mbele ya umati. Wako mama wanene wa mji huu ambao hawajamsamehe hadi leo. Ndege yenyewe aliiita Shangazi, kwa sababu ilinung'unika njia nzima lakini haikukosa kufika.

Katika viwanja vyote alivyotua, alichokipenda zaidi ni cha Dzubu, kule Djugu, kipande cha majani kwenye mteremko ambapo ng'ombe walilisha. Desturi ya huko ilikuwa moja: ndege hupita kwanza chini chini juu ya kiwanja bila kutua, watu wa karibu wanatoka mbio kufukuza ng'ombe, ndipo rubani anazunguka na kurudi. Aliyekuwa akitoka mbio wakati huo ni msichana aitwaye Véronique, ambaye kwao kulikuwa pembeni mwa kiwanja. Siku moja ng'ombe mmoja alikataa katakata. Rubani alizunguka mara tatu, na kila alipopita alimwona msichana yule na fimbo yake akimtukana mnyama yule hadharani. Alipotua hatimaye, akauliza jina, na si la ng'ombe.

Walioana, wakajenga palepale Dzubu. Shangazi alipochoka na kufanywa chuma chakavu, baba mkubwa alistaafu huko akalima viazi. Kisha vita vikafika, wakakimbilia Bunia na godoro moja na picha ya harusi. Njiani mama mkubwa Véronique alikaa chini akakataa kuendelea, na mume wake akamwambia, "Simama. Nitakurudisha." Tangu hapo mama mkubwa hajataja Dzubu. Barabara ya kule haipitiki, na nyumba yao, tunavyosikia, imebaki kuta. Baba mkubwa ana miaka sabini na mmoja, na ahadi ni deni. Alitaka atue Dzubu na mke wake kando yake, hata kama ni kwenye kioo, kabla mwili haujamkatalia.

Siku ya kwanza, Jumamosi alasiri, mama mkubwa alituletea chai. Kikombe changu kilijaa, cha mume wake kilikuwa nusu. Nilidhani ni mambo ya sukari na daktari. Yeye hakutazama kompyuta hata kidogo. Aliweka sinia akarudi jikoni.

Kazi ilianza kwa kichekesho. Baba mkubwa alisukuma manete nyeusi ili aondoke na injini ikazima, akaivuta na ndege ikachomoka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Kompyuta ilikuwa inasoma kinyume. Niligeuza. Pedali nazo zilikuwa kinyume, kushoto kwake ni kulia kwa ndege, nikageuza hizo pia. Alinifanya nibadilishe vitufe vyote vifuate mpangilio wa Shangazi, si mpangilio wa kiwandani, na kila nilipobisha alinijibu kwamba mzoea punda hapandi farasi. Kiwanja cha Dzubu hakikuwemo ndani ya kompyuta, kulikuwa na vilima tu. Basi alinielezea na mimi nikachora: mita mia sita, mteremko, mikaratusi upande wa chini.

Taabu ilikuwa usukani. Kwenye kompyuta kuna ukurasa ambapo kila kifaa kina mstari wake, na mstari unatembea kadiri kifaa kinavyotembea. Mstari wa usukani ulikuwa unatetemeka. Nikasema ni uchafu ndani. Nikafungua, nikasafisha kwa spiriti, nikafunga, ukatetemeka. Nikabadilisha waya. Jumamosi iliyofuata nilikuja na kipuri nilichokitoa kwenye usukani mwingine uliokufa, nikakichomelea pale mezani huku nikiwalaani waliotengeneza takataka ile na Delphin aliyeinunua. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Baba mkubwa alikaa akinisikiliza, mikono yake amekalia.

Nilipomaliza nikashika usukani mwenyewe. Mstari ulitulia kama maji kwenye bidoni. Nikauachia, ukatulia. Nikamwambia ashike yeye, na mstari ukaanza kucheza.

Nilitazama mstari kwanza, kisha nikatazama mkono. Siku mbili nzima nilikuwa nimetukana kile chuma mbele yake, na yeye alijua tangu dakika ya kwanza. Sijapata kuona aibu ya namna ile, hata siku nilipofeli mtihani wa serikali.

"Usifungue tena, Priscille," alisema. "Mashine iko bien. Ni mukono. Na mama yako mukubwa asijue."

Nilimwambia jambo ni dogo. Naweza kuiamuru kompyuta isijali mtikisiko mdogo pale katikati, isikie tu mkono unapogeuza kweli. Dakika moja, kazi imekwisha. Akakataa. Alisema hajawahi kuruka na ndege inayomficha makosa, na kwamba kama mkono hauwezi kutua Dzubu basi usitue. Nikakasirika. Nikamwambia ukaidi huu hata yule ng'ombe hakuwa nao. Akaondoa ndege uwanjani Bunia akaelekea kaskazini.

Alijaribu mara tisa alasiri ile. Angani alikuwa sawa, lakini chini, karibu na mikaratusi, ambapo mkono unatakiwa utulie, ndege iliyumba kulia, akairudisha, ikapita mno kushoto. Mara tisa tuliishia kwenye miti. Baada ya mara ya tisa alivua miwani akaiweka mezani, na nikaona kwamba anaaga kuruka. Niliumia sana. Ningempa mkono wangu kama mkono unafunguliwa kwa bisibisi.

Sikujua mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni kwa muda gani. Alikuwa na kitambaa cha vyombo begani.

"Baba Delphin," alisema, "tangu lini Shangazi alikuwa na usukani mukali vile?"

Baba mkubwa aliingiza mikono chini ya meza.

"Mi nilikuwa nakaa kando yako miaka yote ile," akaendelea. "Ile usukani ilikuwa inalegea. Ulikuwa unazungusha vidole mbili kwanza, njo Shangazi anasikia. Weye mwenyewe ulisema, kama fundi anaikaza, utaacha kazi. Sasa huyu mutoto amekutengenezea ndege ya nani?"

Ilikuwa kweli. Baba mkubwa alikubali polepole kwamba ndiyo, Shangazi alikuwa na ulegevu wa vidole viwili, na hakuna fundi aliyewahi kuumaliza. Mama mkubwa alimtazama usoni alipokuwa akisema hayo, hakutazama chini ya meza, na hapo ndipo nilipoelewa habari ya chai nusu kikombe. Alijua habari ya mkono kwa muda mrefu kuliko tulivyodhani.

"Basi uweke ile ya Shangazi," baba mkubwa aliniambia.

Nikamwomba anionyeshe vidole viwili ni kiasi gani. Akaonyesha. Nikafungua ukurasa na kuipa kompyuta sehemu ya katikati ambamo usukani unaweza kucheza bila ndege kujali. Ilikuwa ileile dawa aliyoikataa, na wote watatu tulijua, na hakuna aliyesema. Mstari ukasimama. Mama mkubwa akavuta kiti cha plastiki akakiweka upande wa kulia, mahali pake.

Wakaondoka Bunia. Vilima vilipoanza, mama mkubwa alikuwa akivitaja kimoja kimoja kwa sauti ndogo, kwa lugha ya kwao. Mikaratusi ikaonekana. Ndege ilikuwa imetulia kabisa, iko sawa na kiwanja. Ghafla baba mkubwa akasukuma manete akapita juu ya majani bila kutua.

Nilishindwa kujizuia. Nikauliza anafanya nini, ndani ya kompyuta hakuna ng'ombe hata mmoja. Wote wawili walinitazama kama mtu aliyevaa viatu akapanda kitandani.

Akazunguka, akajipanga tena, akamuuliza mke wake, "Zimetoka?"

Mama mkubwa aliinama karibu na kioo. Alitazama yale majani matupu niliyoyachora mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, bila haraka.

"Bado moja," alisema.

Baba mkubwa akapanda tena. Walizunguka mara tatu, na kila mara mama mkubwa alikuta moja bado. Alikuwa akiangalia kwao. Mara ya nne alifuta macho kwa kitambaa cha vyombo akasema, "Sasa imetoka. Shuka."

Akashuka. Mkono ulikuwa unatetemeka juu ya usukani, waziwazi, na ndege haikujua. Magurudumu yaligusa mara moja, yakaruka kidogo, yakagusa tena, tukapanda ule mteremko mpaka tukasimama. Akavuta manete nyekundu na injini ikanyamaza.

"Umenirudisha, Baba Delphin," mama mkubwa alisema. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, kushoto kwa kiwanja, akaniambia nyumba ilikuwa hapo, mlango ukitazama ndege, na kwamba nimesahau kuichora. Nikasema nitaichora kesho.

Alikwenda jikoni akaleta chai. Safari hii alijaza kikombe cha mume wake mpaka juu. Baba mkubwa alikitazama, akamtazama mke wake, akakiinua mbele yetu kwa mkono uleule. Chai kidogo ilimwagika mezani, na mimi nikaifuta isifikie waya.