Kitambaa Juu ya Dikoda

Mama mkubwa aliniuliza akiwa amesimama mlangoni, rimoti mkononi, kabla sijatua jerikeni ya maji.

"Umemfuta mama yako kwa sababu ya mpira?"

Nilitua jerikeni. Mimi si mwepesi wa kujibu, na siku ile nilikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Sikuwa na hakika kwamba sikumfuta.

Dikoda yetu pale Kanamkemer, nje kidogo ya Lodwar mjini, ilikuwa ya aina inayorekodi. Mama mkubwa aliipata kwa mwalimu aliyehamishwa kurudi kwao. Ndani yake mna diski inayozunguka, na ukibonyeza kitufe chekundu inahifadhi kinachopita kwenye televisheni. Jioni moja habari zilionyesha soko la mifugo la Lokori, na mara tukamwona mama yangu ameshika kamba ya mbuzi. Niliruka nikabonyeza. Mwandishi alimuuliza hali ya soko. Mama alimsalimu kwanza, "Ejok," kisha akasema, "Mbuzi iko mingi, lakini mnunuzi iko wapi? Wewe unataka moja?" Mwandishi akacheka, mama naye akacheka, basi. Baadaye mama aliugua na kufariki. Hatukuwa na sauti yake mahali pengine popote. Kila Jumapili baada ya kanisa tulimwangalia, mara moja tu, kisha mama mkubwa akaenda kupika.

Sasa skrini ilisema hakuna rekodi yoyote.

Tatizo langu lilikuwa hili. Wiki chache kabla, nikirekodi mechi, maandishi ya Kiingereza yalitokea kwenye skrini. Niliona neno la kujaa na neno la kufuta. Mengine sikuyamaliza kusoma kwa sababu mpira ulikuwa unaanza. Nikabonyeza OK. Baada ya hapo nikaanza kusikia mlio ndani ya dikoda, ka-ka-ka, kama mtu anayegonga kucha juu ya bati, na picha zikawa zinaganda vipande vipande. Hata hilo sikulisema. Niliona nikitaja mlio nitaulizwa nilikuwa nikirekodi nini.

"Hii kitu ilikuwa inafanya kazi mpaka ukaanza mpira yako," alisema mama mkubwa. "Msichana mzima! Hata wavulana wa hapa hawapendi mpira hivyo."

Fundi wa Lodwar mjini aliitikisa dikoda kidogo akatuambia tuitupe. Mama mkubwa akaichukua. Tulipotoka alisema, "Anataka tuitupe ndiyo aokote." Jirani akatuelekeza kwa fundi mmoja wa Kakuma, Mkongomani, anayetengeneza kompyuta.

Tulipanda gari la asubuhi. Dikoda aliipakata mwenyewe, imefungwa kwenye kitambaa chake. Kitambaa hicho kilikuwa cheupe, kimefumwa kwa uzi na maua ya waridi pembeni, na kilikuwa juu ya dikoda tangu siku ilipoingia nyumbani. Kwetu kila kitu cha maana kinafunikwa, kwa sababu ya vumbi. Njia nzima hakunipa niibebe hata alipotaka kujifuta jasho.

Duka la fundi lilikuwa la mabati, limejaa simu zilizofunguliwa. Alituwekea kiti.

"Karibu mama, mukae. Shida ni nini?"

"Uliza huyu," mama mkubwa alisema. "Yeye ndiye anajua alifanya nini."

Fundi alinitazama. Mimi nikatazama nati zilizokuwa kwenye sahani yake. Ikabidi mama mkubwa aeleze yote. Fundi akafungua mfuniko, akagusa ndani, akapuliza. Kisha akasema dikoda ibaki kwake mpaka Ijumaa.

Mezani kwake nilikuwa nimeona diski tano au sita, zote zinafanana, hazina alama. Niliwaza ile yetu ikilala pale, na sisi tukirudishiwa nyingine ndani ya ganda letu. Tungejuaje? Tungeambiwa mama hayupo, nasi tungeamini. Na mimi ningebaki na lile swali la mlangoni mpaka nizeeke.

"Haibaki," nilisema.

Mama mkubwa aligeuka kama aliyesikia sauti ya mtu mwingine.

"Mdogo wangu, munaogopa nitaiba?" fundi aliuliza, akicheka.

"Ndiyo."

Alicheka zaidi, lakini akavuta stuli. "Basi kaa hapa, uchunge. Hata nikienda chooni, unifuate."

"Atakufuata," mama mkubwa alisema. "Huyo humjui."

Kwanza aliunganisha diski na kompyuta yake. Kompyuta haikuona rekodi yoyote, ikauliza kama aifomati. Nikashika mkono wake kabla sijafikiri. Akaniambia alitaka kujaribu tu, kwamba diski za dikoda husomwa na dikoda yake peke yake, na kufomati ni kufuta kila kitu. Akabonyeza hapana. Nilihakikisha kwa macho yangu ni hapana.

Akairudisha ndani. Akaishika dikoda yenyewe juu kwa kiganja.

"Mama, hii kitu munaifunikaka?"

"Naifunika vizuri," mama mkubwa alijibu kwa fahari, akainua kile kitambaa. "Siku zote. Hakuna vumbi inaingia."

"Hiyo njo shida yenyewe. Vumbi haiingii, na moto haitoki. Iko inapumulia hapa." Akaonyesha matundu ya juu. "Joto ya Lodwar, bati juu, kitambaa juu. Diski imeungua polepole."

Mama mkubwa alikunja kitambaa mara nne, akakiweka kwenye mkoba, akafunga zipu.

Fundi aliiweka dikoda juu ya vizibo vinne vya soda ili hewa ipite chini, akaielekezea feni, tukangoja ipoe. Akatuonya: ikiwaka, huenda itasoma mara moja tu, kwa hiyo simu iwe tayari kurekodi kutoka kwenye skrini. Mama mkubwa akanipa simu yake. Nilishangaa kwamba ameninyooshea mimi.

Ikawaka. Ka-ka. Ikanyamaza. Orodha ikatokea: mechi, mechi, mechi, mechi, na chini kabisa, Habari.

Alikuwepo. Sikumfuta. Mama mkubwa aliitazama orodha, akanitazama mimi, akasema tu, "Shika simu vizuri."

Mama akatokea na kamba yake. Ejok. Mbuzi iko mingi, lakini mnunuzi iko wapi? Hapo uso wake ukakatika vipande vya mraba, sauti ikazama, ka-ka-ka. Fundi alizima, akapoza, akawasha tena. Alifanya hivyo mpaka jua likaanza kushuka. Orodha haikurudi.

Diski tulirudi nayo. Mama mkubwa hakukubali iachwe. Kitambaa sasa kinafunika hotipoti ya chapati. Na Jumapili tunaangalia kwenye simu. Nimemwomba mama mkubwa aihifadhi video hiyo mahali pengine pia, maana simu nayo siiamini, hupata moto mfukoni.

Inapofika "iko wapi" inakatika, naye humalizia kwa sauti: "Wewe utanunua moja?"

"Unataka," mimi husema. "Alisema unataka."

"Alisema utanunua. Dada yangu simjui?"

Zamani ningenyamaza. Lakini mimi ndiye niliyebonyeza kitufe, na nakumbuka unataka. Hakuna tena mahali pa kwenda kusikiliza. Wiki iliyopita, nikiosha vyombo, nilijikuta nikilitamka lile neno kimoyomoyo kwa sauti ya mama, na likatoka utanunua.