Utambi wa Injinia

Mjomba wangu, kitindamimba wa bibi, anajiita Injinia. Hakuna aliyempa cheo hicho. Alikichapisha mwenyewe kwenye kadi mia mbili, na mpaka leo nyingi zimejaa juu ya kabati letu. Mama, ambaye ni fundi cherehani, huandikia vipimo vya wateja nyuma yake, kiuno na mabega, kwa hiyo angalau zimepata kazi kuliko mwenyewe.

Kabla ya kuwa Injinia alitengeneza friji. Friji ya jirani ilipona, ndiyo, baada ya kuitwa fundi mwingine. Halafu akafuga samaki wa mapambo. Siku ya nne walielea ubavuubavu, akatuambia tusipige kelele, wamelala.

Sasa kazi yake ni sigara za umeme, vile vidude ambavyo watu wazima wenye akili zao wananyonyea moshi wa harufu ya embe. Wengi wakichoka na kidude wanakitupa. Wenye kujua wanabadilisha matumbo tu: waya mdogo uliosokotwa kama springi, unaitwa koili, na katikati yake unapitishwa utambi. Utambi unafyonza majimaji yenye ladha, koili inapata moto, mvuke unatoka. Basi. Lakini mjomba akieleza utadhani anarusha roketi. Huchana utambi kwa kitana, huunusa, huupuliza, kisha huuinua kwenye mwanga kama daktari anayesoma picha ya mbavu.

Siku moja nilimuuliza, "Mjomba, kwa nini utambi hauungui na koili ina moto vile?"

"Kwa sababu umelowa. Kilicholowa hakiungui, kikikauka kinaungua."

Nilimuuliza mwalimu wa fizikia, akasema ni kweli. Niliudhika wiki nzima.

Karakana ya mjomba ilikuwa kona ya duka la fundi simu: kimeza cha shule, kabati la kioo lenye ufa, na ubao mrefu kuliko kona yenyewe ulioandikwa INJINIA. Fundi simu ni mtu mkimya, kila wakati ana lenzi jichoni na kichwa kimeinama. Kona alimpa bure, kwa kumheshimu mama. Lakini wiki ile hata yeye alichoka.

"Injinia, kuna mama anatengeneza miwani, anaiulizia hii kona. Yeye ana wateja, wewe una watu wa kupiga soga. Jumatatu nisipoona wateja hapa, utanisamehe."

Bahati ikamwangukia mjomba asiyestahili hata nusu yake. Ijumaa aliingia mshereheshaji, yule mwenye sauti nzito ambaye bila yeye harusi za mtaani kwetu hazinogi, akaweka kidude chake mezani.

"Nibadilishie koili na utambi. Kesho saa tano nakuja kujaribu hapahapa. Ikikubali, nakuletea kundi langu lote, tuko tisa, wote tunavuta hiki kitu."

Wateja tisa! Kona ilikuwa imeshaokoka. Kilichobaki ni utambi, na kopo la pamba la mjomba lilikuwa tupu, kwa sababu pamba yote aliimaliza akiwaonyesha wapiga soga namna ya kuichana.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la dawa. Wanauza pamba safi, nyeupe, kwenye pakiti. Nilimwonyesha kwa kidole.

"Ile ni ya kusafishia vidonda," alisema. "Mteja wangu ni kidonda?"

Akarudi nyumbani kutafuta kitu cha hadhi yake. Alijaribu uzi wa deki, ukanuka sabuni. Akajaribu kamba ya kiatu changu cha shule, bila kuniuliza, akasema imesokotwa mno, majimaji hayatapita. Mwisho macho yake yakatua kwenye mto wa sofa. Ulikuwa na lebo: pamba asilimia mia moja. Mjomba akakata kona ya mto, akachomoa kipande, akafumba macho na kukibonyezabonyeza.

"Nyuzi ndefu," alinong'ona. "Nyeupe, haina harufu, ukiibonyeza inarudi. Hii ndiyo yenyewe."

Mama aliondoa mguu kwenye cherehani. "Wewe mtoto, umenikatia mto? Na hiyo lebo inazungumzia kitambaa cha nje. Kilichojazwa ndani mimi sikijui. Choma kidogo uone. Pamba inanuka kama karatasi na inaacha majivu. Ikijikunja ikawa tone, hiyo ni plastiki."

"Dada, wewe shona. Nikileta suruali utanifundisha."

"Choma, nakwambia."

"Watoto wa shule ndio wanachomachoma vitu. Mtaalamu ana vidole."

Akatia kile kipande mfukoni, akaondoka anapiga mluzi.

Mimi, mtoto wa shule, nilichomoa kipande kingine kwenye ule mto, nikakiweka kwenye kifuniko cha kopo, nikawasha kiberiti. Kilijikunja kama mdudu, kikayeyuka, kikawa tone jeusi gumu lenye harufu ya ndoo ya plastiki iliyoangukia moto wa jikoni. Nililitazama kwa muda mrefu, kwa kweli lilinivutia sana. Asubuhi nikalifunga kwenye karatasi, nikampelekea dukani.

"Mjomba, imeyeyuka. Tazama."

Hata hakulishika. "Uliichoma ikiwa kavu au imelowa?"

"Kavu."

"Ehee! Nilikufundisha nini? Kilicholowa hakiungui. Nenda kasome."

Jambo moja la kweli alilowahi kulijua maishani, nalo akaligeuza shuka la kujifunika. Nikamgeukia fundi simu, lakini kabla sijafungua mdomo mshereheshaji alikuwa mlangoni, amependeza, amekuja na wenzake wawili.

"Karibu, mkuu!" Mjomba alimkabidhi kidude kwa mikono miwili.

"Usivute, ni plastiki!" nilisema.

"Mtoto wa dada huyo, ana mzaha," mjomba alicheka.

Mshereheshaji naye akacheka, akavuta. Mara ya kwanza ukatoka mvuke, na mjomba akanitupia jicho. Mara ya pili ukatoka kidogo, maana ule uchafu wa mto haufyonzi kitu, koili ilikuwa inakauka. Mara ya tatu ile ndoo ikaangukia moto wa jikoni.

Alikohoa mpaka akashika meza. Fundi simu akampa maji. Alipojaribu kusema, ile sauti nzito ilikuwa imekwenda, ikatoka ya jogoo mgonjwa.

"Saa kumi nina harusi," alikwaruza. "Watu mia tatu! Nitawakoholea?"

"Itakuwa koili yako ya zamani," mjomba alisema.

"Koili umeweka wewe jana!"

Mwenzake mmoja alifungua kidude. Ndani, kwenye waya, kulikuwa na ulimbo mweusi. Wakatoka wote watatu, na wale sita wengine ambao hatukuwahi kuwaona wakaondoka nao.

Fundi simu alivua lenzi jichoni. Sikujua kama na hilo ni jicho la kawaida.

"Injinia," alisema taratibu, "usingoje Jumatatu."

Mjomba alifunga virago, akabeba kabati kifuani na ubao kwapani. Mimi nilitembea hatua kumi nyuma yake. Kila aliyemsalimia alimjibu kwa furaha, "Nahamisha ofisi! Kazi zimezidi!" Alisema hivyo kwa muuza magazeti, kwa wafua nguo, hata kwa mtoto anayekojoa ukutani.

Kinyozi alitoka mlangoni na mashine mkononi, akaniuliza, "Yule si mjomba wako?"

"Mpangaji wetu," nilisema.

Mjomba alisimama. Alikuwa amesikia. Ubao ulimteleza kwapani, ncha moja ikagonga lami.

"Basi mpangaji anaomba umshikie upande mmoja," alisema bila kugeuka. "Vidole vimekufa ganzi."

Niliushika. Ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana, na mtaa mzima uliweza kulisoma neno lake, yeye mbele, mimi nyuma.