Pengo Kwenye Muundi

Muundi wangu wa kushoto ulivunjika Salale, tulipokuwa tunapakia boriti za mikoko kwenye boti. Mzigo uliteleza kutoka mabegani mwa wenzangu ukanidondokea mguuni. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya kuvunja kuni mbichi. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu na nilipanga kukaa huko kwenye delta siku kumi tu, kisha niende Kilwa. Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mahali pamoja miaka miwili mfululizo.

Nilisafirishwa kwa boti hadi Nyamisati, kisha kwa gari hadi Kibiti. Huko nikafungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu, nikaambiwa nirudi baada ya wiki sita. Nikapelekwa Mtunda kwa dada yangu. Ni mjane, amenizidi miaka mitano. Wiki ya pili akasema hogo linanuka, na kwamba mfupa unataka mkono wa mtu, hautaki chokaa. Sikubisha. Nilitaka kupona upesi, na majirani wote walisema yupo fundi wa mifupa huko Mtawanya anayeunga kwa mwezi mmoja.

Fundi huyo alikuwa bibi mfupi mwenye vidole vinene. Alikata hogo kwa kisu, akaupapasa mguu, akaupaka mafuta ya ufuta, akaufunga kwa vibanzi vya mwanzi. Kisha akaomba kuku. Akamvunja mguu wa kushoto, akamfunga vilevile kama alivyonifunga mimi, akamwacha kwa dada.

"Siku huyu atakapokanyaga, mjukuu wangu, na wewe utakanyaga."

Kuku alikanyaga siku ya ishirini na moja. Nilikuwa kibarazani nikamwona akichechemea kufuata pumba, halafu akakimbia. Dada akaja kuniambia kana kwamba mimi nilikuwa nimefumba macho.

"Kuku keshatembea."

"Nimemwona."

"Basi wewe unangoja nini, mdogo wangu? Maulidi?"

"Nangoja maumivu yaishe."

"Uvivu tu huo. Mwenzio ana mguu kama njiti na anakimbia. Inuka."

Niliinuka. Dada simlaumu, wala bibi, kwa sababu kabla ya siku ile nilikwishaulizia basi la Kilwa. Nilitembea kwa fimbo siku nane. Siku ya tisa muundi ukapinda mbele ya macho yangu, kimyakimya, mahali pasipo na kiungo. Bibi aliitwa. Akaushika, akautikisa taratibu, akauachia.

"Mimi naunga mfupa unaotaka kuungwa," akasema. "Huu umegoma. Nendeni hospitali, tena msikae."

Tulikaa miezi saba, mimi kwa aibu, dada kwa kuogopa nitakatwa mguu.

Daktari tuliyempata Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa, alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alitundika picha ya eksirei. Ncha mbili za mfupa zilikuwa zimeviringika kama vifundo vya vidole, na kati yake palikuwa na pengo jeusi. Alisema mfupa ukivunjika kwa kawaida hujiunga, lakini huu ulikuwa umeacha kujaribu. Wangeweza kuchukua uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, kutoka kwenye nyonga yangu. Ndani yake mna seli shina, yaani seli ambazo bado hazijapangiwa kazi. Wangezikusanya kwa mashine ya kuzungusha, wazipandikize kwenye pengo pamoja na kiunzi cha punje nyeupe zenye vitundu, ili zikae humo na kugeuka mfupa. Hospitalini kwao njia hiyo ilikuwa bado ngeni. Hakuahidi kitu. Ikishindikana, ningebaki na magongo, au tungezungumza kukata.

Dada alikuwa na maswali yake.

"Hizo punje, daktari, ni mfupa wa mnyama gani? Isije ikawa nguruwe."

"Si mnyama, mama. Ni madini, yametengenezwa maabara."

"Na hizo mbegu zenyewe?"

"Zinatoka kwake mwenyewe."

"Kwake huyu?" Dada akanitazama. "Basi hazitakaa."

Daktari alicheka. Mimi nilitia saini.

Walinichoma sindano ya mgongo, nusu ya chini ya mwili ikafa ganzi, nikabaki macho. Nilisikia ncha za mfupa zikikwanguliwa. Waliponionyesha uboho kwenye bomba la sindano, ulikuwa damu nzito yenye macho ya mafuta juu yake, kama mchuzi. Sikuhisi lolote, isipokuwa kushangaa kidogo kwamba nilikuwa nimetembea na kitu kile nchi nzima bila kukijua. Waliunyoosha mguu, wakajaza pengo, wakafunga bamba la chuma kwa skrubu.

Nikarudi Mtunda na amri ya kutokanyaga. Majirani walipouliza nimefanywa nini, dada ndiye aliyejibu. Aliwaonyesha ukuta wa jiko lake la udongo. Kiunzi ni fito, alisema, na seli ni udongo. Udongo ukishashikana, hata mchwa wakila fito zote, ukuta utasimama. Nilipomweleza daktari, alisema hana mfano bora.

Picha ya wiki ya sita haikuonyesha kitu. Wiki ileile jamaa mmoja alinipigia simu kutoka Kilwa, kuna kazi ya usimamizi kwenye mashamba ya chumvi, ya kukaa tu. Nilimwambia nitamjibu. Sikumjibu. Picha ya mwezi wa tatu ilionyesha kitu kama moshi mwembamba kati ya ncha mbili. Mwezi wa sita moshi ule ulikuwa mweupe, umeshika pande zote.

"Weka magongo chini," daktari akasema. "Kanyaga."

Sikuweza. Nikaomba nipewe mwezi mmoja zaidi. Akasema mwezi hautanisaidia, mfupa sasa unahitaji uzito ili ukomae. Nikabaki nimeshika ukingo wa kitanda, jasho likinitoka. Dada akasimama hatua nne mbele yangu, mikono kaikunja kifuani.

"Njoo. Sikushiki, mtu mzima wewe."

Nikakanyaga. Mguu uliuma, lakini haukupinda. Nikaenda hatua ya pili, ya tatu, nikamfikia. Alitazama chini kwanza, kwenye muundi, kisha usoni.

"Haya," akasema. "Sasa utaondoka."

"Bado."

"Kwani nimekuuliza?"

Nilikaa wiki tano zaidi, nikitembea kila asubuhi hadi barabarani na kurudi. Kisha nikapanda basi la kusini. Dada hakutoka kuniaga. Alikuwa anafagia nyuma ya nyumba, na nilipopita na begi langu aliendelea kufagia.