Viti Vilivyorudi na Watu Wake

Siku yangu ya kwanza kazini katika ukumbi wa mikutano na burudani wa Arua, nilikabidhiwa funguo tatu na mlango usio na kitasa. Nilizihesabu funguo mara mbili, zikabaki tatu. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Watu waliokimbia vita vya 1979 na fujo zilizofuata walikuwa wakirudi kutoka Kongo na Sudani, nami nikiwa mmoja wao. Nilikuwa dalali wa vitunguu. Kazi ya ukumbi niliiomba kwa sababu moja: ilikuja na chumba nyuma ya jukwaa, na mke wangu na watoto wanne walikuwa wamelala chini ya turubai miaka ya kutosha.

Ninyi vijana mnaosimamia kumbi za leo mna viti vya plastiki. Vyetu vilikuwa vya chuma, vya kukunja, kila kimoja na namba ya rangi nyeupe chini ya kikalio. Kuvipanga kulikuwa na mitindo miwili. Mtindo wa darasa ni safu zinazoitazama meza kuu, kwa mikutano. Mtindo wa duara ni kuacha katikati wazi, kwa harusi na ngoma. Ukikosea, mhubiri anajikuta amezungukwa kama jogoo wa mnadani.

Bwana Meneja, mtu mrefu aliyetembea kama anayepima sakafu, aliniita asubuhi ile ile.

"Baada ya wiki mbili iko mkutano ya mkoa yote ya West Nile. Wajumbe mia mbili. Viti iko ngapi?"

"Thelathini na nane, Bwana Meneja. Nimehesabu mara mbili."

"Ingine iko kwa watu. Vita ilipokuja kila mutu alibeba. Rudisha mpaka ifike mia mbili. Ukishindwa, ile chumba napatia mwingine."

Nilipanda lori hadi Koboko, kwa Haboba Halima. Haboba ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi. Alikuwa mjane wa sajini, na barazani kwake palikuwa na viti vyetu sita, vimepakwa mafuta vikang'aa kuliko siku vilipotoka kiwandani.

"Hii kiti ilivuka mpaka juu ya kichwa yangu," akasema. "Wewe ulikimbia na nini?"

"Na godoro, Haboba."

"Sasa mimi nilikuja kuomba godoro yako?"

Tulivutana mpaka chai ikapoa mara mbili. Mwishowe akatoa bei yake: "Viti itaenda. Lakini siku ya mkutano mimi na mabinti yangu watano tutakaa juu yake. Sisi, si mutu mwingine."

Nilikubali nikicheka moyoni. Ahadi haina uzito kwenye lori. Lakini habari ilinitangulia. Kinyozi wa Ludara alinipa viti viwili kwa sharti lile lile. Kule Ajia, mkulima aliyekuwa akianika simsim juu ya kiti alitaka vivyo hivyo. Kila mlango niliobisha, sharti lilikuwa limeshafika na kuketi. Nikaitikia wote.

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa na viti mia mbili kamili, mtindo wa darasa. Bwana Meneja akanipa mkono.

Saa mbili malori yakaingia. Wakashuka wazee wa kanzu na akina mama waliojitanda nguo za sikukuu. Waliingia ukumbini wakaanza kupindua viti juu chini, wakitafuta namba. Aliyepata yake alikaa, akanyoosha miguu. Wajumbe walipofika saa tatu walikuta watu mia moja sitini na wawili wametulia kama mawe ya jiko. Viti nilikuwa nimehesabu mara mbili. Makalio sikuhesabu hata mara moja.

"Hawa ni nani?" akauliza Bwana Meneja.

"Waliotunza viti. Niliwaahidi watakaa."

"Na wajumbe watakaa wapi?"

Nilimwonyesha mikeka iliyokunjwa pembeni.

"Enda ufunge vitu yako," akasema polepole. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia la jukwaa, akasikia.

Nilimwinamia Haboba Halima. "Haboba, nisaidie. Leo napoteza chumba."

"Pole, mtoto yangu. Lakini tulipatana. Mimi sisimami kwa ajili ya mutu."

"Na kwa ajili ya ngoma?"

Akanitazama kama mnunuzi aliyesikia bei nzuri. "Ngoma iko tofauti."

Nilimkimbilia Bwana Meneja nikamwomba jambo la mwisho: burudani iliyopangwa kufuata hotuba itangulie. Kwa hiyo lazima viti viende mtindo wa duara, na kwa hiyo lazima kila mtu asimame. Akatazama wajumbe mlangoni, akanyanyua mabega.

Doluka, ngoma ya Wanubi, haiulizi wewe ni mjumbe wa wapi. Haboba Halima aliongoza, mabinti watano nyuma yake, kinyozi akafuata, wajumbe wakaacha mikoba. Walipochoka kila mtu alikaa alipoangukia: wawili kwenye kiti kimoja, wengine mikekani, wengine ukingoni mwa jukwaa. Mgeni rasmi alikosa pa kukaa, akahutubu akiwa amesimama anahema. Kurasa kumi na mbili alizileta, akasoma mbili. Alipigiwa vigelegele ambavyo nadhani havijamtoka masikioni.

Jioni Bwana Meneja akaniuliza, "Umefunga vitu?"

"Mke wangu amefunga sufuria."

"Mwambie afungue. Wajumbe wanauliza mkutano ingine iko lini."

Haboba Halima aliviacha viti vyake. "Bakisha hapa. Lakini mkutano ikija, unaniita." Wengine wakasema hivyo hivyo, nami nikaandika orodha ya majina. Tangu siku hiyo walialikwa wao kwanza, wakubwa baadaye. Miaka ya tisini nilipohamishiwa ukumbi mdogo wa Koboko, Afisa Utamaduni aliuliza kwa nini orodha ya wageni inaanza na kinyozi. Nikamjibu kwamba jengo ambalo wenyeji hawakualikwa ndani yake ni ghala tu.

Mtunza ukumbi hakai shughuli inapoendelea. Nilisimama miaka yangu yote ya kazi. Nilipostaafu waliniuliza nichague baiskeli au saa ya ukutani. Nikasema, niandikeni kwenye orodha. Wakadhani ni utani wa dalali. Sasa mwaliko ukija nafika mapema, nakaa safu ya mbele, na hotuba ikirefuka nawageukia wapiga ngoma nikawakonyeza.