Sindano za Asubuhi, Kitabu cha Alasiri

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani. Nilikuwa sijamaliza hata mwaka kwenye ndoa, nakaa kwa mama mkwe wangu pale Kharumwa, na mume wangu Masanja yuko machimboni Mwakitolyo, anarudi nyumbani akipata nafasi. Mchana ule nilikaa nyuma ya jiko, sindano za kufumia mikononi, sweta ya mtoto mapajani. Ndani ya ile sweta nilikuwa nimeficha kitabu.

Usinicheke. Wewe siku hizi unasoma riwaya kwenye simu na hakuna anayejua kama unasoma au unachati. Wakati wetu, mkamwana akionekana ameshika kitabu mchana kweupe, aliitwa mvivu, na mvivu hakukawia kurudishwa kwao.

Kufuma hakukuwa na neno, maana kazi ya mikono kila mtu anaiona. Nilifundishwa na masista huko kwetu Ushirombo, na sifa hiyo ilinitangulia ukweni. Basi sista aliyesimamia chekechea ya parokia akaniagiza sweta za watoto wake, za rangi ya bluu, ziwe tayari kabla shule haijafunguliwa mwezi wa saba, asubuhi zinapokuwa na baridi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukabidhiwa kazi kubwa kwa jina langu mwenyewe.

Lakini kusoma nako nilikupenda tangu usichana, kama wengine wanavyopenda chai. Kwa hiyo nikawa nafuma mstari mmoja, nasoma ukurasa mmoja, nafuma tena, nasoma tena, masikio yakiwa mlangoni. Huko si kufuma wala si kusoma, mwanangu. Mishono iliniponyoka, na hadithi nayo nilisahau ilipoishia.

Wifi yangu Minza ndiye aliyeniona. Hakuwa mtu mbaya, ulimi wake tu ulikuwa mwepesi. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, nami nikasikia kila neno.

"Mayu, mkamwana wako anasoma makaratasi. Nyuzi zimelala."

Mayu ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, na sote pale nyumbani tulimwita hivyo. Akaniita. Nikapiga goti mbele yake, kichwani nimeshafunga mzigo wa kurudi Ushirombo.

"Kitabu kiko wapi?"

Nikakitoa. Akakigeuza huku na huku. Yeye hakuwahi kukaa darasani.

"Kinasema nini?"

"Ni hadithi tu, Mayu. Ya mwanamke mjane."

"Mjane amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Mume amekufa, shemeji zake wamemnyang'anya shamba."

Mayu akanirudishia kitabu. Halafu akavuta kigoda karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Nisomee."

Kiswahili cha sokoni alikijua, cha kitabuni kilimsumbua. Nikawa nasoma kipande, kisha nakigeuza Kisukuma. Palipomgusa alipiga paja na kuguna. Minza, aliyekuwa amekuja kuniona nikigombezwa, aliishia kukaa chini na mchicha wake mkononi, hachambui tena.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yalinyooka tangu hapo. Wapi! Mayu alinogewa. Nikishika sindano, anauliza, "Na yule mjane tunamwacha pale kisimani peke yake?" Nikiosha vyombo, anakuja na kitabu mkononi. Mimi niliyekuwa nasoma kwa kujificha, sasa nasoma kwa amri, na sweta za Sista zinalala kikapuni. Na nitamwambiaje mama mkwe kwamba basi?

Sista akapita kuangalia kazi. Hakufoka. Aliinua mkono mmoja wa sweta, mkono usio na mwili, akauliza kwa upole, "Mama, shule ikifunguliwa, watoto wangu watavaa huu?" Akatuaga akaenda zake. Nilijiinamia nikalia. Niliona jina langu limeharibika kabla halijajulikana.

Mayu alinisubiri nimalize kulia. Hakuniambia pole. Aliniambia hivi:

"Mimi na wewe tumefanya utoto. Yule mjane hana haraka, yumo kitabuni, kesho tutamkuta. Watoto wa Sista ndio watakaosikia baridi. Kuanzia kesho asubuhi ni ya nyuzi, na hata nikija mimi kukusumbua, usinisikilize. Alasiri, vyombo vikishaoshwa, kabla ng'ombe hawajarudi, ni ya kitabu. Hapo mtu asikutume hata chumvi."

"Na sweta zisipoisha, Mayu?"

"Basi nifundishe hizo sindano. Wewe usome, mimi nifume."

Nikamfundisha. Vidole vyake vilizoea kusuka vikapu, havikuhangaika sana, ila mwanzoni alikaza uzi mpaka sindano ikagoma kupita. Minza akacheka, akapewa kazi ya kushona vifungo. Asubuhi nilifuma bila kuwaza kitabu, na kazi ikaenda kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Alasiri nilisoma kwa sauti, shingo juu, jirani asikie akitaka.

Siku tuliyofika mwisho wa hadithi, Masanja alikuwa amerudi kutoka Mwakitolyo, anapumzika kibarazani. Mjane hakurudishiwa shamba lake. Alihamia ugenini na watoto, akafyeka pori, akaanza upya. Nilipofunga kitabu, Mayu aliweka sindano chini.

"Mimi pia," akasema.

Akatueleza. Baba yake Masanja alipofariki, ndugu zake walichukua shamba, wakachukua na ng'ombe. Yeye akamfunga Minza mgongoni, akamshika Masanja mkono, akatembea mpaka akafika Kharumwa, mahali ambapo hakumjua mtu. Watoto wake siku zote walijua walihama kwa sababu ya ukame.

Masanja alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake. "Mayu, mbona hukutuambia?"

"Ningeanzia wapi, baba? Nilidhani ni mimi peke yangu duniani."

Nilikuwa sijawahi kumwona mume wangu akilia kabla ya hapo. Alilia bila kuona haya, na mama yake alimpapasa kichwa kama mtoto mdogo.

Sweta zilimfikia Sista kwa wakati. Moja, kazi ya Mayu, ilitoka nyembamba kama soksi, lakini Sista alimtafutia mtoto mwembamba, na mtoto akaipenda.

Mayu ametangulia mbele ya haki. Mimi sasa naishi Buseresere, nafundisha mabinti kufuma, na kila mmoja huniuliza atapata wapi muda wa kusoma. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke yule, kwa sababu kila ninachowajibu nilikipata kwake.

Basi nawe nisikilize. Usishike sindano huku roho iko kitabuni, wala usifungue kitabu huku unahesabu mishono, utavikosa vyote. Kazi uliyoahidi itangulie, maana yupo mtu anayeisubiri. Ikifika saa ya kusoma, soma, na usiombe radhi kwa mtu. Raha ya kitabu si uvivu, mwanangu. Humjui atakayefunguka moyo kwa neno ulilolisoma. Na siku saa zikikataa kutosha, usijifungie peke yako na mzigo huo. Mwite aliye karibu nawe, hata kama unamwogopa, mkae pamoja, mmoja asome na mwingine afume.

Mungu akupe vidole vyepesi na macho yasiyochoka upesi. Akupe ukweni kwenye watu wanaouliza kabla ya kuhukumu. Kazi yako iwasitiri watu na baridi, na hadithi unazozipenda zikupe wa kuzisikiliza pamoja nawe. Amina.