Fomu Iliyotaka Jina la Ukoo

Kifaransa kwetu Bwera ni lugha ya kigeni isiyotoka mbali. Ukivuka mpaka kwenye daraja la Mpondwe unakikuta kwenye mabango, kwenye karatasi za forodha na midomoni mwa akina mama wanaouza vitenge. Hata hivyo shule yetu ya sekondari ilikaa miaka mingi bila mwalimu wa Kifaransa, mpaka chama kidogo cha walimu wastaafu huko Ulaya kilipokubali kushirikiana nasi. Wao wangetuma vitabu na posho ya mwalimu mmoja. Sisi tungetoa darasa, wanafunzi, na mtu wa kuandika ripoti. Mtu huyo nikawa mimi, mwalimu wa Jiografia, kwa sababu siku ya kikao nilichelewa na nikakuta nimeshachaguliwa.

Mwalimu wa Kifaransa tulimpata sokoni. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Beni, akiuza maharage. Huko kwao alikuwa amefundisha miaka mingi kabla vita havijamvusha mpaka. Nilipomwuliza kama angependa kurudi darasani, alifunika maharage kwa turubai hapo hapo, kabla sijafika kwenye habari ya posho.

"Twende," alisema. "Niko mwalimu, miye. Hii maharage ni ya kulisha batoto tu."

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri ajabu. Watoto walioshuka kutoka vilima vya Kyondo wakiwa hawajawahi kutamka neno moja la Kifaransa walikuwa wakisalimiana kwa lugha hiyo kwenye foleni ya uji, tena kwa maringo. Kisha ikaja fomu ya mwaka wa pili. Ilitaka orodha ya wanafunzi katika safu mbili: jina la kwanza, na jina la ukoo. Nikaijaza jioni moja, nikaituma, nikalala usingizi mzuri.

Jibu lilinitoa usingizini. Katibu wa chama aliandika kwa adabu nyingi kwamba wameona wanafunzi kumi na mmoja wanatoka ukoo mmoja, tisa ukoo mwingine, na waliobaki karibu wote wamegawanyika katika koo chache tu. Mradi ulikuwa wa jamii nzima, alikumbusha. Posho ya mwalimu ingesimama mpaka wapate maelezo. Na mwishoni, kwa adabu ile ile, akauliza mimi nina uhusiano gani na koo hizo.

Nilichemka. Mimi? Baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini, aliyehamishiwa Kasese na mkewe na watoto na masanduku mawili ya bati. Nimekulia kambini, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kugombana. Katika wilaya hii nzima sina hata binamu wa kusingizia. Nikaandika majibu matatu ya ukali, nikayafuta yote matatu.

Kosa lilikuwa langu, ndiyo maana nilikasirika hivyo. Wakonzo, wenyeji wa hapa, hawarithi jina la ukoo. Mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa tumboni mwa mama yake. Kuna jina la mvulana wa kwanza, la wa pili, la wa tatu, na wasichana nao wana mfululizo wao. Kwa hiyo ndugu wa nyumba moja wana majina tofauti, na watoto wasiojuana kabisa wana jina moja. Nilikuwa nimeliishi jambo hilo miaka arobaini bila kulifikiria, na kisanduku kilipotaka ukoo, nikakipa nilichokiona kwenye daftari la mahudhurio.

Mkuu wa shule hakuona shida. "Andika majina ya baba yao, hii mambo iishe," aliniambia. "Hawa watu wanataka ukoo, wewe wapatie ukoo." Lakini baba zao nao walipewa majina kwa zamu, orodha ingerudi ile ile.

Nilikwenda kumweleza mwalimu wa Kifaransa huku nikijikaza. Yeye ndiye angerudi kwenye turubai lake, si mimi. Alisoma barua yote kwenye simu yangu, taratibu, kisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Habajue, basi," alisema. "Tutabafundisha. Na sisi kwetu iko vile vile, tunatamka tofauti kidogo tu."

Ijumaa akatoa madawati nje, akawapanga wanafunzi kwa mistari. Wavulana wa kwanza huku, wa pili pale, wasichana ng'ambo ya pili, mapacha kando kwa sababu wana majina yao, na aliyezaliwa baada ya mapacha na lake. Msichana mmoja mwenye kaka watatu akajikuta kwenye mstari wa wa kwanza, akasimama kama malkia. Mwalimu mwenyewe akaenda kusimama na wasichana wa pili, katikati ya watoto, mkoba begani. Mimi nikabaki mlangoni na chaki yangu.

"Mwalimu, na wewe iko wa ngapi?" mvulana mmoja akaniuliza.

Nikasema mimi ni wa tatu. Wakapiga kelele, wakaniita jina la mvulana wa tatu wote kwa pamoja, wakanivuta mstarini. Nilifurahi kupita kiasi, sioni haya kusema. Kisha kila mwanafunzi akaandika kwa Kifaransa sentensi tano: jina langu ni hili, maana yake ni hii, nyumbani wako fulani na fulani. Tukapiga picha ya mistari, tukatuma vyote.

Wiki mbili za kusubiri zilikuwa ndefu. Nilizitumia vibaya, kwa kuhesabu watu. Nilikuwa kama mtoto aliyepewa saa na anataka kila mtu amwulize ni saa ngapi. Fundi wa viatu akinitajia jina, namwambia, "Kumbe una kaka mmoja mkubwa!" Yule wa kwenye duka la dawa nilimwambia kwamba mama yake alizaa wasichana wasiopungua watatu. Wengine walicheka. Wengine walinitazama tu, na sikujiuliza kwa nini.

Jibu lilikuja zuri. Walimu wastaafu walikuwa wamesoma zile sentensi kwa sauti kwenye mkutano wao, na waliomba radhi kwa swali walilonitupia. Posho ilirudi, tena safari hii mwalimu angepewa mkataba kwa jina lake, pamoja na bima ya matibabu kwake na kwa watoto wake. Mkuu wa shule alitangaza habari hiyo kama vile yeye ndiye aliyewapanga watoto mistarini.

Mchana huo tulikaa ofisini kujaza fomu ya bima. Mimi nilishika kalamu, mwalimu akaniambia cha kuandika. Watoto wangapi? Wawili, alisema. Mvulana, na msichana wa miaka sita. Msichana huyo akaingia wakati ule ule akitoka shuleni kwake, mama yake akamwita kwa jina lake. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi bila kulihesabu. Nikahesabu, upesi, kama nilivyozoea.

"Mama, umejipunja," nikasema kwa furaha. "Hili si jina la msichana wa nne? Wako wapi wale wakubwa watatu? Hata kama wako Beni tuwaandike, bima itawasaidia."

Alimvuta mtoto karibu, akamfungua vifungo vya sweta.

"Beko Beni," alisema. "Balikufa, mwalimu. Bote siku moja."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilisema pole, nikaisema tena, na mara zote mbili ilinitoka kama ya kumpa mtu aliyejikwaa njiani. Nilikuwa nimefanya kazi na mama huyu mwaka mzima, nimekula chakula chake, nimemtania, na hesabu hiyo ilikuwa mbele yangu siku zote. Nikamwuliza basi tuandikeje.

Mtoto ndiye aliyejibu kwanza. "Mimi niko wa ine," akaniambia, akaninyooshea vidole vinne.

"Ndiyo, uko wa ine," mama yake akasema. Kisha akanigeukia. "Kwa fomu andika babili, ni babili nalisha. Lakini jina yake andika muzima. Usiikate, usiigeuze."

Nikaandika wawili. Jina la mtoto nikaliandika kwa herufi kubwa, moja moja, mama yake akizifuata kwa kidole mpaka ya mwisho.